Dalali wa Jumapili

Ukweli usemwe: Fundi hakwenda kwenye darasa la wapangaji la Jumapili uani kujifunza. Alikwenda kulinda kiti. Kilikuwa kiti cha mteja, kimevishwa kitambaa kipya cha rangi ya kahawia, na wapangaji wenzake walikuwa wamekitoa barazani kwake bila kumwambia ili Bi Karani apate pa kukalia. Fundi akasogea, akasimama nyuma ya kiti hicho, mikono kifuani, akingoja kikao kiishe aondoke na mali ya watu. Jumapili iliyofuata akasimama tena palepale. Ya tatu mkewe akamsukumia ndoo iliyopinduliwa, akamwambia akae, anawaziba walio nyuma.

Hiyo ndoo nayo ina maelezo yake. Fundi alikuwa ametengeneza makochi ya nusu ya mtaa, akabadilisha sponji, akakaza springi, akashona vitambaa hadi vidole vikawa vigumu, lakini kwake hapakuwa na hata kigoda chenye miguu yote. Mkewe alipouliza, jibu lilikuwa kwamba anasubiri kitambaa kizuri. Alikuwa amekisubiri miaka kumi na moja.

Nyumba ilikuwa na vyumba kumi, vitano upande huu na vitano upande ule, ua katikati na bomba moja. Mwenye nyumba alikuwa amefariki, na mwanawe alitaka kuigeuza nyumba ya wageni. Hapakuwa na la kudaiana. Kodi wote walikuwa wamelipa. Walitakiwa tu wasiwepo. Dalali wa kijana huyo alishapita mara mbili, akasema mwisho wa mwezi ujao akute ua mweupe, bila mtu. Kwa wengine lilikuwa jambo la usumbufu. Kwa Fundi lilikuwa balaa, maana kitandani kwake, nyuma ya pazia, alikuwa amelala mama mkwe wake aliyevunjika nyonga. Daktari alikuwa amesema kwa wiki kumi na mbili asihamishwe wala asiketishwe ila na watu wanaojua wanachofanya. Darasa lilipoanza mgonjwa alikuwa ametimiza wiki mbili tu.

Bi Karani, mpangaji wa chumba cha pili, alikuwa amepiga chapa mahakamani miaka ishirini na minane kabla ya kustaafu. Aliijua sheria: mpangaji aliyelipa hatolewi kwa maneno, anatolewa kwa amri ya mahakama, na amri ina jina la hakimu, namba ya shauri na tarehe. Lakini alikataa kuwahutubia.

"Nikiwaeleza mtaitikia, kisha mtaenda kulala," alisema. "Dalali akija mtanitafuta mimi, na siku hiyo nitakuwa nimekwenda kupima presha."

Kwa hiyo walijifundisha. Kila mtu alisoma aya moja ya sheria ya upangaji kwa sauti. Akikwama haruki wala habuni; anasema "naomba neno", na wenzake wanampa. Halafu wanaigiza: mmoja anakuwa Dalali, mmoja mpangaji, na waliobaki wanasema wapi mpangaji kateleza.

Habari ya kusoma kwa sauti ilimtoa Fundi jasho. Alikuwa anasoma, ndiyo, lakini kwa kidole, midomo ikicheza, na akiwa peke yake. Mbele ya mkewe anayelimaliza gazeti kabla chai haijapoa? Mbele ya Msusi wa chumba cha tano, mwenye ulimi wa kukata kamba? Zamu ilipobakiza mtu mmoja kumfikia, aliinuka kwenye ndoo akasema, kwa sauti ya mtu anayejitoa kwa ajili ya taifa, "Kwenye maigizo mimi nitakuwa Dalali. Acheni nijiandae."

Na kweli alijiandaa. Alitoa tumbo mbele, akaingiza njiti ya kiberiti mdomoni, akachezesha funguo za sanduku lake la kazi, akamsimamia Msusi kichwani.

"Sikiliza wewe. Mimi sina ugomvi na mtu. Mimi natumwa tu. Mpaka Ijumaa sitaki kuona hata kanga kwenye kamba."

Watu walicheka hadi mwenye chumba cha saba akashika ukuta. Msusi, yule mwenye ulimi, alifungua mdomo na hakikutoka kitu. Alikaa chini, machozi yakimlengalenga, akasema hakujua maneno hukimbia namna ile. Jumapili ya pili ya maigizo alijibu sentensi moja. Ya nne alimwuliza, "Aliyekutuma amekupa nini mkononi?" na Fundi mwenyewe akajikuta anarudi nyuma hatua moja.

Kichwa kilimvimba. Watoto wa mtaani walianza kumwita Dalali, na yeye akawaitikia. Akiwa peke yake anapiga misumari, alitunga maneno mapya ya Dalali, makali zaidi, akayajaribu kwa sauti ya chini. Kila Jumapili alikuwa wa kwanza kufika, na kila aya ya kusoma ilipokaribia alipata kikohozi.

"Siku moja utakaa upande huu," Bi Karani alimwambia.

"Nani atakuwa Dalali basi? Hamna mwingine anayeweza."

Nyumbani, mkewe hakuliacha lipite. Alikuwa mpishi wa shule, amezoea kusema na watoto mia tatu, na hakupandisha sauti.

"Wenzako tisa wamejifunza kujibu. Wewe umejifunza kutufukuza. Dalali akija na wewe ndiye uliyepo, utamsaidia?"

"Unanionaje wewe?"

"Nauliza tu."

Nyuma ya pazia mama mkwe alikohoa kidogo, kikohozi cha mtu asiyetaka kuonekana anasikiliza. Fundi akatoka nje kwenda kutazama kiti ambacho hakikuwa na haja ya kutazamwa.

Jumatatu moja, saa nne asubuhi, ua ulikuwa karibu mtupu. Mgonjwa alikuwa ameingia wiki ya kumi kitandani. Mke wa Fundi alikuwa shuleni kwenye masufuria yake. Bi Karani, kama alivyotabiri, alikuwa amekwenda kupima presha. Msusi alikuwa mlangoni kwake akisuka mteja, nusu ya kichwa tayari na nusu bado. Mlinzi wa chumba cha nne alikuwa amelala baada ya zamu yake ya usiku. Fundi alikuwa amehamishia kazi uani ili awe karibu na mgonjwa.

Pikapu ikasimama getini. Dalali akashuka na maseremala wawili, mmoja mzee na mmoja wa makamo. Hakuwa na njiti mdomoni. Tumbo lake, Fundi aliona kwa mshangao kidogo, lilikuwa dogo kuliko la Jumapili.

"Fundi, pole na kazi."

"Nimeshapoa."

"Mama anaendeleaje na nyonga yake? Inamuuma bado?"

Fundi aliguswa. Hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza hivyo wiki nzima. "Anaendelea vizuri. Ahsante kwa kuuliza."

"Sasa, kijana mwenye nyumba ameona milango hii imechoka. Amesema mbadilishiwe yote. Mbao ngumu, vitasa vipya. Nikasema tuanze na wa Fundi, ana mgonjwa, asipigwe na baridi."

Katika Jumapili zote alizokuwa Dalali, Fundi alikuwa amefoka, amechezesha funguo, ametema njiti. Hata mara moja hakuwa mpole. Upole haukuwamo katika somo, na hakuna aliyefundishwa namna ya kuujibu.

"Karibuni," akasema.

Seremala wa makamo akaanza na bawaba ya juu. Skrubu zilikuwa na kutu, na bisibisi yake fupi ikawa inateleza. Hapo Fundi alifanya jambo ambalo hadi leo akilikumbuka hujifunika shuka usoni. Alikwenda kwenye sanduku lake, akatoa bisibisi ndefu, ile anayoitumia kwenye makochi mazito, akampa. Na kwa kuwa fundi hamwachi fundi mwenzake ahangaike, akaushika mlango kwa mikono miwili usije ukaanguka, huku akimwelekeza.

"Sukuma kwanza, halafu zungusha. Eeh, hivyo."

Mlango ukatoka. Wakaubeba wawili, seremala na Fundi, hadi kwenye pikapu. Fundi alipouweka ndani ndipo alipoona kwamba pikapu ilikuwa tupu. Hapakuwa na mbao wala kitasa. Alisimama akiitazama sakafu ya gari lile, akaanza kuelewa, polepole, maana Fundi si mtu wa kuelewa haraka.

"Mmepima lini?" akamwuliza seremala.

"Kupima nini?"

"Milango. Mlango mpya unaukataje bila kupima wa zamani?"

Seremala akamtazama Dalali. Dalali alikuwa amekwisha kumwonyesha yule mzee mlango wa Bi Karani, na mzee alikuwa ameshika bawaba.

Fundi akageuka kukitazama chumba chake. Pazia lilikuwa limevutwa na upepo, na kutoka uani mtu yeyote aliweza kumwona mama mkwe wake chali kitandani, mguu umefungwa kati ya mito, mkono mmoja ukitafuta shuka ajifunike zaidi. Mwanamke yule hakuwahi kutoka hata ukumbini bila kujitanda. Aibu ilimshika Fundi. Alikuwa amemvua mama mkwe wake mlango kwa bisibisi yake mwenyewe.

"Mwanangu," mama mkwe akaita kutoka kitandani, sauti yake ndogo lakini haitetemeki. "Muulize karatasi."

Dirisha lake lilikuwa linatazama uani. Jumapili zote zile, hakuna aliyekuwa na nafasi nzuri ya kusikiliza kumshinda.

Fundi akafungua mdomo. Hakikutoka kitu, kama kilivyokataa kumtoka Msusi siku ya kwanza, lakini Msusi alikuwa na Jumapili nyingine na Fundi hakuwa nayo. Alitafuta ndani yake sauti ya mpangaji, hakuipata. Hakuwahi kuifanyia mazoezi. Alikuwa na sauti moja tu iliyokomaa. Akaitumia hiyo.

"Weka chini."

Ilitoka tumboni, nzito, yenye dharau na funguo ndani yake. Seremala mzee aliachia bawaba mara moja. "Samahani, bosi," akasema, kabla hajaona ni nani anayemwomba samahani. Dalali mwenyewe aligeuka na uso wa mtu aliyeisikia sauti yake ikitoka chumba cha jirani.

"Fundi, usiniharibie siku. Mimi natumwa tu."

Maneno hayo Fundi alikuwa ameyasema mara sita. Alijua kinachofuata, na alijua kilichomfanya yeye mwenyewe arudi nyuma.

"Aliyekutuma amekupa nini mkononi?"

Kutoka chumba cha tano, Msusi alisikia sentensi yake ikipita uani kwa mdomo wa mtu mwingine. Alisimama, kitana mkononi, akafungua mdomo, na kila anayemjua angejua kilichokuwa kinakuja. Kisha akaufunga. Darasani wote walikuwa wamekubaliana: hakuna tusi, hakuna kumgusa mtu, kila mmoja akae mlangoni kwake. Akagonga ukuta wa Mlinzi mara tatu, akavuta kigoda, akakaa kwenye kizingiti. Mteja wake, ambaye hakuwa mpangaji wala hakuwa na habari, aliangalia kushoto na kulia na nusu ya nywele zake zimesimama, akaenda kukaa mlangoni kwa Bi Karani. Seremala mzee ikabidi asogee.

"Nyie watu mkifanyiwa wema hamwoni," Dalali akasema.

Hilo Fundi alikuwa amemwambia mkewe kwenye maigizo, Jumapili ya tano, na alijivunia sana. Mkewe alimjibu bila kuinua macho kwenye mchele aliokuwa akiuchambua.

"Wema hauna haraka," Fundi akasema, maneno yaleyale ya mkewe. "Uache mpaka kesho, wote tuwepo."

Mlinzi akatokea na kaptula yake ya kulalia, macho mekundu, tochi mkononi mchana wa jua kali. Alitazama, akaelewa, akakaa. Fundi akarudi kwenye uwazi wa mlango wake, na sasa milango minne ilikuwa na watu ndani yake, na hakuna aliyesema neno. Dalali alikuwa amezoea kelele. Kelele alijua kuzifanyia kazi. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Karatasi mnaitaka? Hii hapa. Ina muhuri. Soma basi, Fundi, uwaambie wenzako imesemaje."

Alisema "soma basi" kwa tabasamu. Alikuwa ameulizia mtaani, kama madalali wanavyoulizia, na alikuwa ameambiwa kwamba Fundi hukwepa kusoma.

Fundi aliipokea. Alitaka kumpa Msusi. Lakini Msusi alikuwa mlangoni kwake, na mtu akiondoka mlangoni mlango unabaki mtupu, hilo ndilo lilikuwa somo la Jumapili nzima. Fundi aliwaza akisoma vibaya, hadithi itafika kwa mkewe kabla ya chakula cha mchana. Akawaza asiposoma, mama mkwe atabebwa na godoro lake kama kabati. Akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza.

"Kwa... fu... fundi se... re... mala."

"Huyo ni mimi," akasema seremala mzee, akasogea.

"U-na-ta-ki-wa..." Fundi akafika kwenye neno lililofuata. Akaligonga mara moja, likamrudisha. Akaligonga tena. Jasho likadondoka juu ya karatasi.

"Lete hapa," Dalali akanyoosha mkono. "Unapoteza muda wa watu."

Fundi akaikumbatia karatasi kifuani. Alikuwa hajawahi kuyasema maneno yale. Miezi miwili alikohoa ili asiyaseme.

"Naomba neno," akasema.

Hakuna aliyecheka. Akapiga hatua mbili, akamwelekezea Mlinzi karatasi bila kuiachia. Mlinzi akamulika kwa tochi, kwa mazoea tu.

"Kung'oa," akasema Mlinzi.

"Unatakiwa kung'oa," Fundi akaendelea, "mi-la-ngo ku-mi na ma-ba-ti ya pa-a lo-te. Ka-bla ya sa-a si-ta."

Ilichukua muda. Ilichukua muda mrefu kiasi kwamba mwenye chumba cha saba alirudi kutoka sokoni na kikapu chake, akakuta, akakaa mlangoni. Watu wa njiani walisimama getini kusikiliza. Fundi alitafuta jina la hakimu, hakuliona. Alitafuta namba ya shauri, akageuza karatasi na kutafuta nyuma. Mwisho akauendea muhuri, herufi moja moja, akiuzunguka kwa kidole.

"O-fi-si ya u-da-la-li," akasema. Akainua uso. "Hii si ya mahakama. Hii umemwandikia seremala."

Seremala mzee alivua kofia. Alikuwa anatazama ndani ya chumba kisicho na mlango, alikolala mtu wa rika lake.

"Bosi, ulituambia nyumba ni tupu."

"Nyie fanyeni kazi mliyolipiwa."

"Hatujalipwa bado," akasema seremala, akaenda kwenye pikapu kushusha mlango.

Dalali aliifuata karatasi yake; Fundi hakuitoa. Wakatazamana, Dalali wa Jumapili na wa Jumatatu.

"Nitarudi na ya mahakama."

"Rudi nayo. Tutaisoma."

"Ataisoma yeye," Msusi akasema kutoka kwenye kigoda chake, "kwa hiyo uje asubuhi na mapema."

Hapo watu walicheka, na Fundi alicheka nao, kwa sababu ilikuwa kweli. Dalali aliondoka kwa miguu, pikapu ikiwa bado na kazi. Kila mtu pale uani alijua kwamba atarudi, na kwamba mahakama huenda ikampa anachotaka. Lakini mahakama ina foleni na tarehe, na nyonga ya mama ilihitaji wiki tatu tu.

Maseremala waliurudisha mlango kwa bisibisi ileile ya Fundi. Safari hii hakuwaelekeza. Walipomaliza, Fundi akaingia ndani atafute maji. Alipofika pembeni ya pazia akasimama, hajui aombe radhi kwa maneno gani. Mkwe haombwi radhi ya bisibisi.

"Mama, nisamehe. Mimi ndiye niliyeu..."

"Nimekuona," mama mkwe akasema. "Nimeona yote. Sasa toka, baba, ufunge. Wamenitazama vya kutosha leo, nataka kulala."

Fundi akatoka. Akauvuta mlango ukaingia kwenye fremu yake, na kwa ndani akasikia kitanda kikilia kidogo, halafu kimya. Maji yalikuwa ndani, shati pia. Hakubisha. Aliketi chini kwenye kizingiti, mgongo kwenye mbao, na hapo ndipo mkewe alipomkuta alipotoka kazini, jua likiwa limeshavuka paa, kifua wazi na kidole kimoja kina wino wa muhuri.

"Nani kakufukuza?" mkewe akauliza.

"Mama."

"Mama nani?"

"Mama yako. Amelala."

Mkewe aliutazama mlango, akaziona skrubu zilizokwanguliwa, akamtazama mumewe. Habari alikuwa amekwisha kuipata getini, yote, pamoja na bisibisi.

"Ana karatasi?"

"Sikumwuliza," Fundi akasema.

Mkewe akaweka mkoba chini, akamwambia asogee, akakaa naye mlangoni.